Sadaka yako ianzie wapi: kwa ndugu, kwenye kisima, kwenye wakfu au kwenye mkopo?

Tuseme una shilingi laki sita za Uganda. Zaka umeshaitoa, au mali yako haijafikia kiwango chake. Hizi umeziweka kando kwa hiari yako, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na tangu zijulikane zipo simu haitulii. Msikiti wa mtaani unataka kuezekwa upya. Mtoto wa shangazi yako kule Yumbe amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Kikundi cha vijana kinachangisha kisima, na mama anayeuza nyanya katika soko la Owino anakuomba umkopeshe mtaji. Yote ni kheri, na huwezi kuyafanya yote.

Wengi wetu hukimbilia kile kinachodumu. Tumesikia mara nyingi hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Hadithi ni sahihi na tamaa hiyo ni njema, ila nadhani tunaisoma haraka. Saruji peke yake haiendelezi sadaka. Anayeiendeleza ni yule anayeitunza baada ya wewe kuondoka. Ndiyo maana katika kulinganisha nitakuwa narudia kuuliza: nikishatoa, nani anabaki akiiangalia?

Usiichanganye na zaka

Zaka ina masharti yake. Mali ifikie thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, ipitiwe na mwaka wa Kiislamu, itolewe asilimia 2.5, na iende kwa mafungu manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60. Sadaka ya hiari haina kiwango wala msimu. Unaweza kumpa baba yako mzazi, ambaye zaka yako haimfikii kwa kuwa kumtunza ni wajibu wako tayari. Unaweza kumpa jirani Mkristo bila mjadala wowote. Sura Al-Mumtahina, aya ya 8, imeruhusu kuwatendea wema wasiotupiga vita. Hapa Uganda, ambako nyumba moja huwa na Hadija na Grace waliozaliwa na mama mmoja, ruhusa hiyo ina kazi kila siku.

Na kama unadaiwa na mwenye deni anakusubiri, mlipe yeye kwanza.

Ndugu wa damu na mtu wa mbali

Katika jambo hili dini haikutuacha tukisitasita. Tirmidhi na Nasai wamepokea kwamba kumpa maskini ni sadaka moja, na kumpa ndugu ni mbili: sadaka na kuunga udugu. Iliposhuka aya ya 92 ya Sura Al-Imran, inayosema hatutaufikia wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda, Abu Talha alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuitoa bustani yake ya Bairuha, iliyokuwa ikitazamana na msikiti wa Madina na ambayo aliipenda kuliko mali yake yote. Mtume aliisifu mali ile, kisha akamwambia aonavyo yeye ni bora awape jamaa zake. Abu Talha akawagawia jamaa na binamu zake. Zainab, mke wa Ibn Mas'ud, naye alipouliza kama sadaka yake inafaa kwa mumewe na mayatima anaowalea, alijibiwa kwamba ana ujira mara mbili.

Pamoja na hayo, ndugu huwa wa mwisho kwenye orodha zetu. Sababu tunazozisema ni kwamba hawatosheki na hawana shukrani. Ile tusiyoisema ni kwamba binamu hana kibao cha marumaru chenye jina letu.

Chukua karo. Serikali ilianzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997 na ya sekondari mwaka 2007, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vimebaki begani mwa mzazi, na shule ya binafsi inadai yote. Mwaka wa shule una mihula mitatu. Laki sita zako ni laki mbili kila muhula. Na yule wa kuiangalia yupo: shangazi atakupigia mwenyewe kukuambia mtoto ameshika nafasi ya ngapi, au ametoroka. Hakuna mradi wa kijiji utakaokupa taarifa kwa uaminifu wa namna hiyo.

Lipa kwenye akaunti ya shule na uombe stakabadhi. Kama ndugu mwenyewe anajulikana kwa kubeti mpira, mnunulie anachokihitaji badala ya kumpa noti.

Udhaifu mkubwa wa sadaka ya ndugu ni masimango. Tukimpa mtu wa mbali tunasahau. Tukimpa ndugu tunamkumbusha kwenye harusi, kwenye matanga, na siku atakayothubutu kutupinga katika kikao cha ukoo. Aya ya 264 ya Al-Baqara inasema wazi kwamba masimbulizi na maudhi hubatilisha sadaka. Kama unaujua ulimi wako, pitisha msaada kwa mkono wa mtu mwingine, au mpe tu mtu wa mbali.

Kuna pia nyakati ambapo mtu wa mbali anatangulia kwa haki kabisa. Ndugu anayeongezea chumba cha tatu si sawa na mtu aliyelala na njaa. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja, na Kiswahili unachokisoma hapa ndicho lugha ya wengi waliotoka Kongo na kuishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka. Wengi wao si Waislamu. Lakini Sura Al-Insan, aya ya 8, iliwasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka, na mateka wa wakati ule alikuwa mtu aliyekuja kupigana nao.

Kisima kipya na kisima kilichokufa

Maji yana nafasi ya pekee. Sa'd ibn Ubada alifiwa na mama yake, akauliza sadaka gani ni bora kwa ajili yake. Akaambiwa maji. Akachimba kisima na kusema hiki ni cha mama wa Sa'd. Abu Daud ameipokea. Uthman naye anakumbukwa kwa kisima cha Ruma, Madina, na kwa riwaya mashuhuri alikinunua kwa mwenyewe kikiwa tayari kinatoa maji, akawafungulia watu wote wateke bure. Mara chache nimesikia hatibu akiisimamia sehemu hiyo ya kununua, ilhali ingetufaa sana.

Ukizunguka vijijini utakuta pampu za mkono aina ya U2 na U3, ambazo ni India Mark II na Mark III zilizofanywa kuwa za kiwango cha Uganda. Ni pampu imara, lakini zina vitu vinavyokwisha: mipira ya ndani ya silinda, mnyororo, bearingi, fito. Ya U2 ikiisha mipira, fundi na vijana wake wanapaswa kung'oa mabomba yote kutoka shimoni. Ya U3 iliundwa ili bastola itolewe kupitia ndani ya bomba bila kuling'oa. Kuna na tatizo jingine: pale ambapo maji ya ardhini yana tindikali, mabomba ya chuma huoza, maji yanatoka mekundu, nguo nyeupe zinaharibika, na kina mama wanarudi kwenye dimbwi. Pampu inabaki imesimama na jina la mfadhili juu yake.

Sasa linganisha. Kuchimba kirefu kwa mtambo kunahitaji mamilioni, kwa hiyo laki sita zako zitaingia kwenye kapu la wengi na hutajua zilifika wapi. Unahitaji mchimbaji mwenye leseni, mtu wa kupima mahali pa kuchimba, maji yapimwe maabara, na ofisi ya maji ya wilaya ijue. Bado shimo linaweza kutoka kavu. Kukarabati, kwa upande mwingine, ni mahali ambapo maji yameshathibitika kuwapo, watu wameshazoea njia, na fundi anaweza kukuandikia bei ya kila kipande kabla hujatoa hata shilingi. Mipira na mnyororo ni jambo dogo. Mabomba yote ni zito, hapo tafuta wenzako wawili watatu.

Mimi nachagua ukarabati karibu kila mara, kwa sharti kwamba kuna kamati ya maji iliyo hai. Uliza kama kila kaya inachanga kitu kila mwezi na nani anashika daftari. Kamati isiyochangisha hata elfu moja kwa nyumba itakuita tena mwakani. Uliza pia pampu imesimama kwenye ardhi ya nani. Kama mwenye shamba hajaandika mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwamba ametoa njia na eneo lile, siku atakayogombana na kijiji atatia kufuli, na sadaka yako itakuwa mali yake.

Kisima kipya kinashinda pale ambapo hakuna chochote cha kukarabati na ndoo inabebwa masaa. Na kwenye milima, kama Bugisu au Kabale, fikiria kwanza kukinga chemchemi: ukuta, mawe, bomba la kutokea, mtaro wa kupitisha maji machafu. Haina mnyororo wa kukatika. Haipendezi kwenye picha, labda ndiyo sababu wachangishaji hawaitaji.

Wakfu leo au wasia kesho

Msingi wa wakfu ni ardhi ya Umar kule Khaibar. Alimwendea Mtume kutaka ushauri, akaambiwa akipenda azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Akaiweka hivyo: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, mazao ni ya maskini, jamaa, wasafiri na wengine, na msimamizi anaruhusiwa kula kwa kiasi. Sikiliza hilo la mwisho. Tangu mwanzo msimamizi alihesabiwa ndani ya wakfu wenyewe.

Kwetu mfano unaoonekana kwa macho ni kilima cha Kibuli, Kampala. Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi katika kilima kile, na leo kuna msikiti, shule na hospitali. Lakini wengi wetu hatuna kilima. Tuna kipande cha shamba, na hapo ndipo sheria ya ardhi ya Uganda inapokuja kukuuliza maswali ambayo sheikh huenda asikuulize.

Katiba ya 1995 inatambua umiliki wa namna nne: wa kimila, wa kudumu, wa mailo (ule wa Buganda) na wa kukodi. Mtu mwenye kibanja juu ya mailo ya mwingine ana haki ya kukaa na kutumia, ila hati ni ya mwenye mailo. Akisema ametoa kiwanja kiwe wakfu wa madrasa, alichonacho cha kutoa ni kibanja tu, na kuhamisha kunataka ridhaa ya mwenye ardhi. Ardhi ya kukodi nayo ina mwisho wa miaka. Ardhi ya familia, ile mnayoishi na kulima, haihamishwi bila ridhaa ya mke au mume. Nimeona wakfu ukivunjika kwa kipengele hiki kimoja: mzee alitoa mbele ya waumini wa Ijumaa, mkewe hakuulizwa, na baada ya mazishi watoto wakaenda mahakamani wakiwa na haki yao.

Hati iandikwe kwa jina la nani? Si la imamu, hata awe mcha Mungu namna gani. Akifa, warithi wake wataikuta hati yenye jina la baba yao. Sheria inaruhusu wadhamini kusajiliwa kama chombo kimoja kinachomiliki mali kwa jina lake, na mdhamini akifa mwingine anaingia bila ardhi kuguswa. Ni kazi ya wakili na gharama kidogo, na ndiyo tofauti kati ya wakfu na ahadi.

Wasia ni rahisi zaidi: unaandika, unasaini mbele ya mashahidi wawili, na unaweza kuubadilisha mpaka siku ya mwisho. Mpaka wake ni theluthi ya mali, kwa hadithi ya Sa'd ibn Abi Waqqas aliyetaka kutoa zaidi akaambiwa theluthi, na theluthi ni nyingi. Bora kuwaacha warithi wakijitosheleza kuliko kuwaacha wakiomba watu. Kasoro yake ni kwamba mtekelezaji ni yuleyule anayepungukiwa urithi kwa kuutekeleza. Na Mtume alipoulizwa sadaka bora, alitaja ile unayoitoa ukiwa mzima, una uchoyo, unaogopa umaskini, kabla roho haijafika kooni. Mwenye watoto wadogo na nyumba moja, naona wasia unamfaa. Mwenye vyumba vya kupangisha, atoe kimoja kiwe wakfu sasa, akiwa hai wa kukiangalia.

Na mwenye laki sita? Aingie kwenye wakfu wa wengine, lakini achague wenye kuzalisha. Tuna misikiti mizuri iliyojengwa na wafadhili wa nje ambayo mwalimu wa madrasa hana mshahara na Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha watu wanasali Isha gizani. Msikiti huo hauhitaji zulia la pili. Mchangie chumba kimoja cha duka pembeni, kodi yake imlipe mwalimu. Siwezi kukuficha kwamba nikiombwa mchango wa mnara mbele ya mwalimu asiyelipwa, mkono wangu hauingii mfukoni.

Mkopo mwema au umpe tu

Huu ndio uliosahaulika kuliko wote. Ibn Majah amepokea kwamba kumkopesha Mwislamu mara mbili ni kama kumpa sadaka mara moja. Mama wa nyanya hakuombi umtunze. Anataka makreti mawili ya alfajiri ambayo jioni yatakuwa pesa. Sheria ya 2016 iliruhusu benki za Kiislamu hapa nchini, ila makreti mawili si biashara ya benki, kwa hiyo anabaki na wakopeshaji wanaoshika kitambulisho chake na kudai riba kwa wiki. Ukimkopesha wewe bila nyongeza, umemtoa humo, na pesa ikirudi inakwenda kwa fundi cherehani, kisha kwa kijana wa boda boda. Laki sita zilezile.

Mwenye kuiangalia hapa ni wewe mwenyewe, basi uwe na moyo wake. Andikeni na muweke mashahidi. Aya ya 282 ya Al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qurani, ni ya jambo hili hasa. Aya ya 280, muda mfupi kabla yake, inataka mwenye dhiki apewe nafasi, na kumsamehe ni bora zaidi. Kama kutolipwa kutaiumiza nyumba yako, usikopeshe.

Mkopo mpe anayezungusha bidhaa. Mgonjwa, mfiwa na mzee mpe moja kwa moja. Ukimkopesha asiye na namna ya kulipa, umempa sababu ya kubadilisha njia anapokuona na kuhama msikiti.

Futari, na miezi mingine kumi na mmoja

Anayemfuturisha aliyefunga anapata mfano wa ujira wake, kama alivyopokea Tirmidhi. Toa, bila kufikiri sana. Ila Ramadhani kila mtu anatoa mchele na sukari, na Shawwali ikiingia sufuria zilezile zimekauka. Elfu hamsini za posho (unga wa mahindi) na maharage kila mwezi kwa mjane mmoja ni laki sita kwa mwaka, na amali apendazo Mungu zaidi ni zile za kudumu hata zikiwa chache.

Kwa siri, hadharani, na kwa simu

Aya ya 271 ya Al-Baqara imesifu zote mbili na kusema siri kwa mafukara ni bora. Hadharani kuna mahali pake: Muslim amepokea habari ya watu wa kabila la Mudhar waliofika Madina uchi kwa ufukara, na Answari mmoja, Mwislamu mwenyeji wa Madina, akaleta mfuko uliokaribia kumshinda mkono, wengine wakafuata mpaka yakawa marundo mawili ya chakula na nguo. Mchango wa msikiti unafaa kutangazwa kwa sababu hiyo. Karo ya mtoto wa shangazi haifai.

Pesa ya simu inafika hata pale ambapo barabara haifiki, lakini jina lako linasomeka kwenye ujumbe. Ukitaka siri, tumia mtu unayemwamini kama mkono wa kati. Kumbuka pia makato. Kodi ya asilimia 1 iliyoanza Julai 2018 ilishushwa mwaka uleule kuwa asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa pesa tu, maana yake anayeibeba ni mpokeaji, pamoja na ada ya kampuni. Katika laki mbili za muhula, kodi peke yake ni elfu moja. Tuma na ya kutolea.